Utata wa "Na" katika Kuhesabu Wasomaji wa Tovuti

Ichukuliwe kuwa tovuti ina wasomaji 60 wa Eldoret na 50 wanaotumia simu. Anayejumlisha akapata 110 hupotoka iwapo 30 wamo katika makundi yote mawili: wasomaji ni 80 tu. Kosa hili lina mzizi wa kisarufi. "Wasomaji wa Eldoret na wa simu" huweza kuwa muungano (80) au makutano (30). "Wasomaji wa Eldoret wanaotumia simu" hauna utata huo, ni 30. Programu ya Google Analytics 4 hulinganisha makundi hadi matatu kwa miduara inayoingiliana, mtindo ulioenezwa na John Venn mwaka 1880. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kesses asomaye kwa simu, kisha kwa kompyuta ya maktaba, huweza kuhesabiwa kuwa watu wawili.