Naibu Gavana: Kura Moja, Viongozi Wawili

Siku ya uchaguzi, mkazi wa Nchiru hupiga kura moja ya ugavana, lakini kura hiyo huwaingiza ofisini watu wawili. Kifungu cha 180 cha Katiba ya 2010 kinamtaka kila mgombea wa ugavana ateue mgombea mwenza, na naibu gavana hapigiwi kura ya peke yake. Wapiga kura wengi humkumbuka mwenza kwa picha ya bango tu.

Hapa Meru tumeshaona uzito wa jambo hilo. Agosti 2024, Seneti iliidhinisha kuondolewa kwa Gavana Kawira Mwangaza, baada ya majaribio mawili ya awali kugonga mwamba. Alikwenda mahakamani, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa ombi lake. Siku chache baadaye naibu wake, Isaac Mutuma M'Ethingia, aliapishwa kuwa gavana. Hapakufanywa uchaguzi mdogo, kwa kuwa Kifungu cha 182 humpa naibu muda wote uliosalia wa kipindi hicho.

Siku za kawaida, mamlaka ya naibu gavana ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Ni mjumbe wa kamati tendaji ya kaunti, na gavana anaweza kumkabidhi idara aisimamie. Gavana akisafiri, naibu hukaimu. Hata hivyo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kaimu kutumia mamlaka ya gavana ya kuteua au kufuta watu. Ajira za kawaida nazo hupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kwa hiyo kijana anayeambiwa atapata kazi upesi kwa sababu “mkubwa hayupo” anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Je, kiti cha naibu kikibaki wazi? Katiba haikusema, na jibu lilitokana na majirani zetu: Spika wa Bunge la Kaunti ya Embu aliomba ushauri wa Mahakama ya Upeo, iliyoeleza mwaka 2018 kwamba gavana ateue mtu ndani ya siku 14, kisha bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Huko bungeni anayepiga kura kwa niaba yako ni mwakilishi wa wadi, basi mfikishie maoni yako mapema.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Mgombea ugavana akija Nchiru bila mwenza wake, muulizeni yuko wapi.