Kazi ya Nyumbani na Haki za Watu

Ndugu msomaji, somo letu la leo lahusu jambo lililokwisha kuingia katika nyumba zetu nyingi. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofika Kenya, watu wengi walihamishia kazi zao majumbani, na baadhi yao hawakurudi tena afisini. Hata mnada wa chai hapa Mombasa, ambao wanunuzi walikuwa wakikutana na kutaja bei kwa sauti, uliingia katika mtandao mwaka huo huo. Je, kufanya kazi nyumbani ni neema au ni kifungo?

Tusihukumu kwa haraka. Natuitazame chai hiyo inakotoka, kwani huko Kericho na Bomet wakulima wadogo wamefanya kazi majumbani mwao miaka mingi. Shamba la mtu limepakana na ua wake. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, na baada ya siku 7 hadi 14 huirudia michai ile ile. Hana afisi wala kengele. Lakini jani bichi halingoji. Likilundikwa likalala hupata joto, likaharibika. Kwa hivyo hana budi kulichukua siku ile ile mpaka kituo cha kununulia, likapimwa, kisha lori likalipeleka kiwandani, kama kile cha Litein au cha Kapkoros.

Zingatia mambo mawili katika safari hiyo fupi. La kwanza ni mwisho: majani yakishapimwa, uchumaji wa siku ile umekwisha. La pili ni makutano: penye mizani mkulima huonana na jirani zake, akajua nani mgonjwa na nani amefiwa. Hatusemi kuwa yuko rahani. Mvua humnyeshea akingoja lori, na bei haimo mikononi mwake. Twasema tu kwamba kazi yake yenyewe humtoa nyumbani.

Kazi ya kompyuta haimtoi mtu. Haiozi ikilala, wala haina mizani ya kumwambia basi. Humfuata mwenyewe mpaka kitandani. Mtoto humwita baba, naye hujibu, "Niko kazini," ilhali yuko hatua tatu tu. Na mfanyakazi akiwa ni mke, hudaiwa kazi mbili kwa wakati mmoja, ya mwajiri na ya jikoni, kwa kuwa watu husema yuko nyumbani tu.

Sayyidna Salman al-Farisi alipomzuru nduguye Abu Dardaa alimkuta amezama katika funga na ibada za usiku hata mkewe ameachwa. Akamfundisha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Basi ampe kila mmoja haki yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuachiwa kula haki za watu, kazi ya mshahara itaachiwaje?

Basi mwenye kufanya kazi nyumbani na ajiwekee mizani yake mwenyewe:

Kwanza, aweke saa ya kufunga kazi, na aijulishe kwa mwajiri na kwa ahali zake.

Pili, awe na mahali pamoja pa kazi, ijapokuwa ni pembe ya chumba, wala pasiwe kitandani.

Tatu, adhana iwe ndiyo lori lake. Aifunge kompyuta, aende msikitini Adhuhuri au Alasiri, na baada ya swala asikimbie. Aulize hali za watu.

Nne, mke akiwa ndiye mwenye kazi, nyumba nzima iziheshimu saa zake, na mume asione haya kushika jiko, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia ahali zake.

Kwa darasa ijayo, kila mmoja wetu aje na jawabu la swali hili: katika wiki iliyopita, ni jirani gani nimemwona kwa macho yangu, si kwa simu?

Wabillahi tawfiq.