Tumbo linauma wapi hasa?

SWALI: Mtu akisema tumbo linamuuma, daktari humwuliza, "Wapi?" Kwani tumbo si moja?

JIBU: Tumbo ni moja, ila limebeba viungo vingi, kila kimoja na mahali pake. Njia nyepesi ya kuligawa ni mistari miwili ya kufikirika inayokutana kitovuni na kutoa robo nne. Juu kulia kuna ini na kifuko cha nyongo. Juu kushoto, wengu na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Chini kulia kuna kidole tumbo. Chini kushoto hupita mwisho wa utumbo mpana. Kulia hapa ni kulia kwa mgonjwa.

Wengine hutumia mistari minne kupata maeneo tisa. Matatu ya katikati ni chembe cha moyo, eneo la kitovu, na eneo la kinena.

Kidole tumbo kikivimba, maumivu mara nyingi huanzia karibu na kitovu, kisha huhamia chini kulia. Mwaka 1889, Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa New York, alieleza nukta yenyewe: theluthi ya njia kutoka ncha ya mfupa wa nyonga kuelekea kitovuni. Mgonjwa akibonyezwa hapo hushtuka, naye anapaswa kuwahishwa hospitalini.