Ndege wa Ziwa Nakuru na Maji ya Mto Njoro

Wakazi wengi wa Kaptembwo na mitaa ya jirani huishi karibu na ua wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, wala hawajapata kuingia ndani yake hata mara moja. Hudhani kwamba kutazama ndege ni kazi ya wageni wenye magari na darubini. Dhana hiyo si sawa. Mgeni huja siku moja akaenda zake; mwenyeji ndiye anayewaona ndege wanapofika na wanapoondoka, na kwa hiyo ndiye awezaye kuwajua vema. Tena, kwa watu wa Nakuru habari za ndege ni habari za maji, na katika miaka ya karibuni habari za maji zimekuwa habari za nyumba na mashamba yao.

Yafaa kwanza kueleza ziwa lenyewe. Jina Nakuru limetokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Na kweli, katika miaka ya ukame maji hurudi nyuma, na upepo huinua vumbi jeupe la magadi kutoka ufukweni. Maji huingia ziwani kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit, na kwa chemchemi za Baharini, lakini hakuna mto hata mmoja utokao. Jua ndilo linaloyaondoa maji. Ni kama sufuria ya maji ya chumvi iliyoachwa juani: maji hupungua, chumvi hubaki. Basi chochote kinacholetwa na mito, kiwe udongo, dawa za mashambani, mafuta machafu ya gereji au takataka za mjini, kikiisha kuingia ziwani hakina njia ya kutoka.

Mto Njoro huanza katika miinuko ya Mau ya Mashariki, ukapita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha ukateremka upande wa magharibi wa Nakuru, si mbali na Kaptembwo, hata ukaingia hifadhini. Si mto mkubwa. Katika miezi ya kiangazi sehemu yake ya chini huweza kukauka kabisa kabla ya kufika ziwani. Zamani msitu wa Mau uliyashika maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Msitu ulipokatwa, hasa baada ya serikali kutoa sehemu kubwa ya Mau ya Mashariki mwaka 2001 ili ikaliwe na watu, mvua ikawa inateremka kwa ghafula, nyekundu kwa udongo.

Sasa tuje kwa ndege aliyelipatia ziwa hili sifa duniani, yaani heroe, ambaye wengi humwita flamingo. Wako wa aina mbili. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu wa giza, na kimo chake hakifiki mita moja. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi na mweupe zaidi, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Msomaji akiwatazama wanapokula ataona jambo la ajabu: huinamisha kichwa mpaka mdomo ukageuka juu chini. Ulimi huvuta maji na kuyasukuma nje, na vinyweleo vilivyo ndani ya mdomo huchuja chakula. Heroe mdogo hula mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu, ile inayoyapa maji ya magadi rangi ya kijani. Heroe mkubwa hutafuta wadudu na vijidudu vya matopeni. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho.

Mimea hiyo midogo hustawi pale maji yanapokuwa ya magadi makali na ya kina kifupi. Maji matamu yakizidi, mimea hupungua. Ziwa likikauka, mimea hufa. Kwa hiyo heroe hawana makao ya kudumu. Leo wako Nakuru, kesho Bogoria au Elementaita, nao wakati wa kutaga huenda Ziwa Natron, Tanzania. Jambo hilo la Natron halikujulikana sawasawa mpaka mwaka 1954, Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya, alipowachunguza huko. Alipojaribu kuyafikia matundu yao kwa miguu, matope ya magadi yaliiunguza miguu yake vibaya.

Ziwa lilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhi ndege mwaka 1960, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwaka 1990 liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar, la kwanza nchini Kenya, na mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likawa Urithi wa Dunia. Heshima hizo zote zilitolewa zaidi kwa ajili ya ndege. Hata hivyo, karibu wakati ule ule wa mwaka 2011 maji yalikuwa yameanza kupanda. Ziwa lililokuwa na eneo la yapata kilomita za mraba 40 likapita 60. Lango kuu la zamani likazama pamoja na barabara za ufukweni, na katika mitaa ya Mwariki na Barut watu wakayahama makazi yao. Taarifa ya serikali ya mwaka 2021 ilitaja mvua nyingi kuliko kawaida kuwa sababu, ikataja pia udongo unaoletwa na mito kutoka katika ardhi iliyovuliwa miti.

Heroe waliondoka kwa wingi, wengi wakaenda Bogoria. Lakini yule asemaye kwamba ndege wamekwisha Nakuru hajatazama vizuri. Zamani ziwa halikuwa na samaki. Wale wadogo wa kutoka Ziwa Magadi waliletwa katika miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, na baada ya hapo mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wakaongezeka sana. Maji yalipopungua ukali, samaki wa maji matamu nao wakaingia. Sasa minandi hukaa juu ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, na furukombe husikika asubuhi akilia. Msomaji asishawishike na samaki hao: uvuvi hifadhini umekatazwa na sheria, na maofisa wamewaonya watu wasile samaki wa ziwa linalopokea maji machafu ya mji.

Anayetaka kujifunza hahitaji vyombo vya bei kubwa. Daftari na kalamu zatosha kuanzia. Darubini ni nyongeza njema. Aende alfajiri, jua likiwa mgongoni mwake, maana ndege aliye mbele ya jua huonekana mweusi mtupu. Atazame kwanza mdomo na miguu, ndipo rangi. Akikuta kundi kubwa asikisie tu. Ahesabu ndege kumi, aone wamechukua nafasi gani, kisha alipime kundi zima kwa nafasi hiyo. Likiwa kubwa mno, apime kwa mia. Aandike tarehe, mahali, saa, na hali ya maji. Kazi hiyo aweza kuianza kando ya mto, nje ya hifadhi, ambako atawaona yangeyange, mdiria na kwarara, na kuanzia Septemba au Oktoba, mbayuwayu watokao Ulaya, ambao hurudi kwao karibu na Machi na Aprili.

Ndani ya hifadhi mambo ni mengine. Mna simba, nyati na vifaru, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kutembea kwa miguu. Watu hushuka garini mahali palipowekwa tu, kama vile Jabali la Nyani, ambapo ziwa lote huonekana chini. Raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni, lakini lazima awe na kitambulisho. Walimu wanaopeleka wanafunzi wakumbuke kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini. Maji yachukuliwe katika chupa za kudumu.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na watu wa kujitolea, wamekuwa wakiwahesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, hasa mwezi wa Januari. Wanaojitolea si wasomi wote. Wamo wanafunzi, na wamo vijana wa vijijini waliojifunza majina ya ndege kwa kutembea na wenzao. Daftari la mwaka mmoja lililoandikwa kwa uangalifu kando ya Mto Njoro lamfaa sana kijana wa Kaptembwo anayetaka kwenda kuhesabu pamoja nao.