Mchango wa Chekechea: Tununue Vyombo Gani vya Jikoni?

Katika vijiji vingi wazazi wamekubaliana kwamba watoto wa chekechea wanywe uji saa nne asubuhi. Unga unachangwa, kuni zinachangwa, na mpishi amepatikana. Kilichobaki ni vyombo. Hapo ndipo mkutano unapoitwa, daftari linafunguliwa, na kila kaya inatajwa. Wengine watatoa fedha. Wengine watatoa kuku auzwe kwa mnada hapo hapo. Na wengine watasema, "Mimi fedha sina, nitaleta chombo."

Huyu wa mwisho ndiye tunayetaka kuanza naye. Moyo wake ni mwema. Lakini mara nyingi chombo anacholeta ni kile kilichomshinda nyumbani: sufuria iliyotoboka ikazibwa, kikombe kilichobanduka, ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, au kopo la dawa ya pamba lililosuguliwa kwa mchanga likang'aa. Mwalimu anaona haya kukataa. Anapokea, anashukuru, na kesho yake mtoto wa miaka minne anakinywea.

Basi, kabla ya siku ya mchango, kamati ikae iandike orodha. Iandike jina la chombo, ukubwa wake na idadi. Isiandike "vikombe" tu. Iandike: "Vikombe vya plastiki ngumu, vyenye mkono wa kushikia, vya robo lita au kuzidi kidogo, 40." Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Anayejua kusoma atamsomea mwenzake. Na mwalimu naye atakuwa na karatasi ya kumsemea: "Mzee wangu, ahsante sana, ila orodha ya kamati inataka namna hii."

Chini ya orodha hiyo kamati iandike kwa herufi kubwa: MAKOPO YA DAWA NA NDOO ZA RANGI HAVIPOKELEWI. Kopo la dawa ya wadudu halisafishiki. Hata likioshwa mara kumi, sumu inabaki imejificha ndani. Hilo lisijadiliwe.

Uji wa moto

Tunaponunua chombo cha nyumbani tunatazama bei na ugumu wake, na sisi wengine, tuseme kweli, tunatazama kama kina maua. Chombo cha chekechea tukiulize swali jingine kwanza: je, kitamuunguza mtoto?

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100, lakini si lazima yachemke ndipo yaunguze. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Uji ni mbaya kuliko maji. Maji yakimwagika hutiririka yakaenda zake. Uji unang'ang'ania kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye orodha yetu, hata kama fedha ni kidogo, kiwe sufuria ya pili yenye mfuniko. Tunaiita sufuria ya kupozea. Mpishi anachota uji kutoka jikoni kwa upawa, anautia humo, anaukoroga mpaka umepoa, anadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake, na akiona haumchomi ndipo anafunika na kuupeleka darasani. Sufuria ya motoni haitoki jikoni hata siku moja. Watu wengi wanaona sufuria mbili ni anasa. Sisi tunasema bora vikombe vipungue watoto wanywe kwa zamu, kuliko kupitisha sufuria ya uji unaochemka katikati ya watoto 40 wenye njaa.

Ukubwa wa sufuria unatafutwa kwa hesabu. Watoto 40, kila mmoja robo lita, ni lita 10 za uji. Uji huumuka unapochemka, kwa hiyo sufuria ya lita 10 haitoshi. Tafuteni ya lita 15 hivi. Lita 10 za uji zina uzito wa kilo 10 na zaidi kidogo, bado sufuria yenyewe. Mpishi akiinua mzigo huo kwenye mafiga akiwa ameshika vitambaa, teke moja tu la jiwe linatosha kumwaga wote. Ndiyo maana tumesema achote kwa upawa, asiinue. Upawa na mwiko viwe na mpini mrefu, na kazi hiyo mpeni fundi wa kijijini. Mti upo, na fedha inabaki hapa hapa.

Tungependa kusema hivyo hivyo kuhusu sufuria zenyewe, lakini hapa tuwe waangalifu. Kuna sufuria zinazomiminwa na mafundi kwa kuyeyusha alumini chakavu: vipande vya injini, makopo, na chochote kilichopatikana. Katika chakavu hicho huingia madini ya risasi, yale yanayotumika katika betri za magari. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Walivichemsha kwa saa mbili na maji yenye ukali kama wa siki. Vyombo 15 vilitoa risasi ya kiasi cha kutia wasiwasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto haugui siku hiyo. Anakuwa mzito wa kujifunza, na wazazi wanadhani ni uvivu.

Kwa hiyo fedha ya mchango inunue sufuria ya stenlesi ikiwezekana, au ya kiwandani yenye nembo. Kama mnayo tayari ile ya kumimina na hamna nyingine, iacheni ichemshe maji ya kuoshea vyombo. Na popote mnapopikia, ndimu au ukwaju usichemshwe ndani ya sufuria ya alumini, maana ukali ndio unaoyeyusha madini. Utieni baadaye, uji ukiwa kwenye vikombe.

Kikombe

Kuhusu kikombe watu wanabishana sana, na kila upande una haki yake. Kikombe cha bati hakivunjiki, lakini kinashika moto: mtoto anaungua vidole anakiachia, na uji unammwagikia mapajani. Wanaokitetea wanasema angalau mtoto anajua uji ni wa moto. Ni kweli. Kikombe cha plastiki kinaficha moto. Mkono hausikii kitu, ulimi ndio unaopata habari. Lakini kama uji umepozwa kwenye ile sufuria ya pili, ugomvi umekwisha, na sisi tunachagua plastiki ngumu, kwa kuwa ni nyepesi na haibanduki. Kikombe cha bati kikianguka mara kadhaa hupasuka ule mng'ao wake, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye uji.

Si kila plastiki inafaa. Hapa, ndugu msomaji, kusoma kwako kunapata kazi. Kabla ya kulipa, geuza kikombe utazame kitako chake. Ukiona picha ya glasi na uma, kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Ukiona pembetatu yenye namba 5 ndani na herufi PP chini yake, plastiki hiyo inavumilia chakula cha moto. Namba 1 ndiyo ya chupa za maji ya kunywa. Ukiitia uji wa moto inajikunja. Pengine utakuta hakuna alama yoyote. Muulize mwenye duka, na asipokuwa na jibu, weka chini uende duka la pili. Hakuna aibu kugeuza vikombe 40 dukani. Fedha ni ya kijiji kizima.

Kisha kipimeni kwa mtoto. Wajumbe wawili wakienda sokoni wamchukue mtoto mmoja wa miaka minne. Wakijaze kikombe maji, wampe. Vidole vyake vinaingia kwenye mkono wa kikombe? Anakiinua bila kumwaga? Kikiwekwa mezani na kusukumwa kidogo, kinasimama au kinalala? Kikombe chenye kitako kipana na urefu mdogo ndicho cha chekechea. Kile kirefu chembamba kinapendeza, lakini ni cha mgeni wa heshima.

Sasa bei. Tuseme kikombe chembamba ni sh. 500 na kigumu ni sh. 1,200. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu. Za kweli mtazikuta sokoni. Vyembamba 40 ni sh. 20,000. Vigumu 40 ni sh. 48,000. Mkutanoni patakuwa na mtu wa kusimama na kusema kamati inafuja fedha. Mjibuni kwa hesabu. Kama nusu ya vile vyembamba vinapasuka kila muhula, mtanunua 20 kila muhula, yaani sh. 10,000. Baada ya mihula mitatu mmetumia 20,000 na 30,000, jumla sh. 50,000. Mmewapita wenye vigumu, na bado mnaendelea kununua. Zaidi ya hayo, kikombe kilichopasuka hakitupwi siku ile ile. Kinatumika wiki mbili tatu kikiwa na ncha, kinakata midomo.

Vijiko viwe vifupi na vyenye kingo za mviringo. Sahani zisubiri mpaka mtakapoanza kupika ugali.

Vitu visivyonunuliwa

Kuna vifaa ambavyo havihitaji hata shilingi, na vinalinda watoto kuliko vyote. Cha kwanza ni uzio wa jikoni. Miti na fito, kimo cha kifua cha mtu mzima, na mlango unaofungwa kwa ndani mahali mkono wa mtoto haufiki. Siku moja ya kazi ya kujitolea inatosha. Kisu, kiberiti na mafuta ya taa vikae kwenye rafu ya juu ndani ya uzio huo. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda kamwe. Mtoto anaijua chupa ile kwa utamu wake.

Cha pili ni kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Kining'inizwe kwa kimo cha mtoto, si cha mwalimu. Cha tatu ni chanja ya kuanikia vyombo juani. Ndoo za maji ziwe na mifuniko inayobana, kwa kuwa mtoto wa chekechea huja na mdogo wake anayetambaa, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuzama kwenye maji machache tu ndani ya ndoo.

Watoto wenyewe nao wapewe vyombo vyao. Mtoto anapenda kusaidia jikoni, na ukimfukuza kila siku atakuja kwa wizi. Wapeni ungo mdogo wachague maharage, kibaba wapimie unga mkavu, kinu kidogo wapondee ndizi iliyoiva. Yote hayo wayafanye nje ya uzio, chini ya mti. Mwalimu atawafundishia kuhesabu hapo hapo, vibaba vinne ni pishi moja.

Siku yenyewe ya mchango

Akina mama wengi hupika maandazi na mihogo ya kukaanga siku hiyo ili wauze na kuongeza mfuko. Ni jambo zuri, lakini mafuta ya kukaangia yana joto kupita maji yanayochemka, na kiwanja kimejaa watoto wanaokimbizana kwa furaha ya ngoma. Karai lisiwekwe njiani wala karibu na jukwaa. Piteni kamba kulizunguka, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kamba hiyo tu.

Ikitokea mtoto ameungua, vueni haraka nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, na mmwagieni maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, msiache katikati. Msipake mafuta, dawa ya meno, yai wala unga. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mwende zahanati. Kwa sababu hiyo ndoo moja ya maji safi iwekwe karibu na jiko tangu asubuhi, na isitumiwe kwa kazi nyingine.

Zoezi la kikundi

Chekechea ina watoto 56, na kila mtoto anakunywa robo lita ya uji. Utahitaji lita ngapi, na sufuria ya ukubwa gani? Kikombe kigumu kikiwa sh. 1,500 katika soko lenu, mtahitaji fedha kiasi gani? Geuzeni vikombe vitano vya nyumbani kwenu: vingapi vina alama chini yake, na ni alama gani? Je, uji wa chekechea yenu leo asubuhi ulitoka jikoni kwenda darasani ndani ya chombo gani, na nani aliupima kwanza kwenye kifundo cha mkono wake?