Kinga ya plastiki chini ya kwadi: inaharibikia wapi?

Somo la leo limetoka barabarani, na tulililipia.

Msimu wa kahawa uliopita tulikuwa tunashuka na kwadi kutoka vilima vya Kalehe, remoki imejaa kahawa nyekundu. Jiwe moja likapiga chini, paa! Kidogo tu mafuta ya moteri yakaanza kutiririka njiani. Ninyi wenyewe mnajua: kahawa nyekundu inamenywa siku ile ile inapovunwa. Ikilala ndani ya gunia inapata moto, inachacha, na hata ukiiosha mara tatu harufu haitoki. Sisi tulifika kituoni kesho yake. Mwenye kupima alinusa gunia la kwanza, akaweka mzigo wote kando.

Kila mtu akalaumu plastiki: “Muondoe hiyo takataka, muweke tole!” Lakini tulipolala chini ya kwadi na kuangalia, kinga ilikuwa nzima, iko na mikwaruzo tu. Kilichokosekana ni buloni mbili za mbele. Zilikuwa zimelegea na kuanguka, hatujui siku gani. Kinga ikaachama kama mdomo, na jiwe likapita ndani mpaka kwenye karteri.

Plastiki ya kinga nzuri ni ndugu ya bidoni ya njano ya maji. Inaitwa polietileni. Ikipigwa inajikunja halafu inarudi. Tole ikijikunja inabaki vile, na pengine inasukuma karteri yenyewe. Plastiki inateleza juu ya jiwe, haipati kutu, na ni nyepesi: chuma cha ukubwa na unene ule ule kina uzito karibu mara 8. Ila plastiki lazima iwe nene. Ile ya milimita 2 au 3 inayokuja na kwadi nyingi inazuia matope na majani, si mawe. Kwa mawe tafuta ya milimita 10 mpaka 12. (Kuna mafundi wanaokata bidoni na kuifunga chini. Hiyo ni ya kuzuia matope tu, msidanganywe.) Ukiwa na mashaka, kata kipande kidogo ukitupe majini: polietileni inaelea. Na uchague nyeusi, maana masizi yaliyochanganywa ndani yake yanaikinga na jua.

Sasa, kwa nini buloni zinalegea? Polietileni ikipata joto inapanuka zaidi ya mara 10 kuliko chuma, usiku inarudi. Kila siku inasukuma na kuvuta. Kama tundu limeibana buloni sana, plastiki inapasuka pale pale. Njo maana tundu linapaswa kuwa refu kidogo kama yai, na chini ya kichwa cha buloni kuwe na rondeli pana. Weka ekru ile yenye plastiki ndani, haifunguki ovyo. Tangu siku ile dereva wetu anapitisha kle kwenye kila buloni kila Jumamosi. Ni kazi ya dakika kumi.

Adui wa pili ni eshapema. Polietileni inayeyuka karibu na digrii 130, na eshapema inapita hapo sana. Acha nafasi kati yao. Na matope! Yanajaa juu ya kinga pamoja na majani makavu, yanazuia moteri kupoa, na majani yakigusa eshapema yanaweza kuwaka. Kwa hiyo msioshe juu tu ili kwadi ing’ae kanisani. Fungueni kinga, mtoe matope yote. Siku ya vidanji pia ifunguliwe, mafuta yasimwagikie juu yake na kulowesha uchafu.

Kwa ndugu wa upande wa Goma: mawe ya volkano ni makali, yanachonga plastiki kama panga. Huko pitisha kidole kwenye mifereji kila mara. Mfereji ukifika nusu ya unene, sisi tunabadilisha.

Ufa ukianza, usihangaike na gundi, haishiki kwenye polietileni. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa, usiendelee kutembea. Wale wanaochomelea bidoni sokoni kwa chuma cha moto wanaweza kuuziba, lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Usiitegemee ukiwa na mzigo.

Na ndani ya sanduku la kwadi tunabeba siku zote buloni nne, rondeli zake, kle ya kipimo chake na lita moja ya mafuta ya moteri. Ile siku hatukuwa na hata kimoja.