Nyaraka Zisipotee: Sayansi Inavyomsaidia Mhifadhi wa Kumbukumbu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya kiwanja, rejista ya vizazi na vifo, ramani ya mpaka na barua ya ofisini, zote ni nyaraka, yaani ushahidi wa mambo yaliyotendeka. Haki ya mwenye shamba inapobishaniwa mahakamani, neno la mdomo halitoshi. Karatasi ikiwa imekwisha kuoza, haki nayo huweza kuoza pamoja nayo.

Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhiwa kumbukumbu za utawala wa Wajerumani, ambazo umri wake umepita miaka 100. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na mwaka 2003 ikaongeza hati na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar. Hifadhi hizo zote mbili zimo katika mwambao wenye joto na unyevu mwingi. Yafaa basi kuchunguza ni nini kinachoiua karatasi, na ni kwa njia gani mhifadhi hupambana nacho.

Adui aliyemo ndani ya karatasi

Karatasi imefanywa kwa nyuzi za selulosi. Kila molekuli ya selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana. Nguvu ya karatasi hutokana na urefu wa minyororo hiyo. Asidi na maji vikikutana ndani ya karatasi, minyororo hukatika vipande vipande, na karatasi huwa ya kimanjano, kisha huvunjika ikikunjwa.

Karatasi za zamani zilizotengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba zingali imara baada ya karne nyingi. Tangu karne ya 19, viwanda vilianza kutumia shabu katika kuziandaa karatasi ili wino usienee, na baadaye vikatumia mbao zilizosagwa. Shabu huleta asidi. Mbao nazo zina lignini, ambayo hubadilika rangi ipigwapo na mwanga. Kwa hiyo gazeti la jana huweza kuharibika kabla ya kitabu cha miaka 400 iliyopita.

Joto huharakisha kazi hiyo ya asidi. Unyevu nao, ukizidi kiasi cha asilimia 65, huotesha kuvu. Ndiyo maana chumba cha nyaraka hupozwa na kukaushwa hewa mchana na usiku, na vipimo vyake huandikwa kila siku.

Tiba ya karatasi

Kwanza mhifadhi hupima kiasi cha asidi kwa kipimo cha pH. Chini ya 7 ni asidi; juu ya 7 ni besi. Baada ya kuhakikisha kwamba wino hautayeyuka, huweza kuilowesha karatasi katika maji ya chokaa yaliyozimuliwa. Besi huiua asidi, na chokaa inayobaki huungana na kaboni dayoksidi ya hewa ikawa kabonati ya kalsiamu, akiba ya kupambana na asidi itakayotokea baadaye. Palipochanika hubandikwa karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo huweza kubanduliwa kwa maji bila madhara.

Maikrofilamu

Mwaka 1839, John Benjamin Dancer wa Uingereza alipiga picha ndogo mno za maandishi. Wakati Paris ilipozingirwa na adui, mwaka 1870 hadi 1871, njiwa walipeleka mjini maelfu ya barua zilizopigwa picha katika vipande vidogo vya filamu. Maikrofilamu ya leo ya chembe za fedha, iliyotandazwa juu ya poliesta, hukadiriwa kudumu miaka ipatayo 500 ikitunzwa vizuri. Tena huhitaji lenzi na taa tu ili isomeke.

Kompyuta na udhaifu wake

Kompyuta hugeuza picha ya waraka kuwa tarakimu. Nakala huweza kusomwa na watu wengi bila ya asili kuguswa. Lakini tarakimu moja ikibadilika, nani atajua? Mhifadhi hutumia hesabu ya uhakiki. Tuseme waraka unataja kiwanja nambari 152. Jumla ya tarakimu zake ni 1 + 5 + 2 = 8. Mtu akiandika 125, jumla ni 8 vilevile, na kosa halionekani. Basi kila tarakimu na izidishwe kwa nafasi yake: 152 hutoa 1×1 + 5×2 + 2×3 = 17, ambapo 125 hutoa 1×1 + 2×2 + 5×3 = 20. Kosa limegunduliwa. Kompyuta hufanya hesabu ngumu zaidi, lakini kanuni ni hiyo.

Hatari nyingine ni mashine kupitwa na wakati. Mwaka 1986, BBC ilihifadhi habari za maisha ya Waingereza katika sahani za leza, kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la mwaka 1086. Haikupita miaka 20 mashine za kuzisomea zikawa adimu, na wataalamu wakalazimika kuziokoa habari hizo. Daftari lenyewe, lililoandikwa juu ya ngozi, lingali likisomeka. Kwa hiyo mhifadhi huhamisha tarakimu kila mara hadi vyombo vipya, na huweka nakala zaidi ya moja, mahali mbalimbali.

Jaribio na maswali

Wanafunzi wakate ukurasa wa gazeti vipande viwili. Kimoja kiwekwe juani kwa wiki mbili, kingine kifungiwe sandukuni. Kisha walinganishe rangi, na kukunja kila kipande mara kadhaa.

1. Ni mabadiliko gani yameonekana, na yamesababishwa na nini?
2. Kwa nini gundi ya mhifadhi sharti iweze kubanduliwa?
3. Tafuta hesabu ya uhakiki ya nambari 341 na 314.
4. Shule ina rejista za zamani na fedha kidogo. Ni hatua zipi zichukuliwe kwanza?